Radhi Iko Aden

Jumatatu, 7 Novemba 1966

Naanza kuandika leo kwa sababu tangu leo mimi si mtu wa kawaida tena. Tunakwenda Aden! Sisi wacheza baiskeli wa Gharib tutapanda meli baada ya Idi, twende tukawachezee wanajeshi wa Kiingereza walioko kule, kila jioni kambi yake. Habari ameleta Levi, kijana wa Rabai, karani wa Mzungu mmoja anayewatafutia wanajeshi burudani. Walituona Tononoka siku zile manowari zilipotia nanga. Levi anasema bosi wake alipouona mnara wetu alisahau sigara mkononi mpaka ikamuunguza vidole. Nilicheka nikapaliwa.

Mnara wenyewe, kwa atakayesoma haya nami sipo, ni hivi. Kadenge anaendesha. Gharib, mkubwa wetu, anasimama juu ya keria nyuma yake. Taib anakaa mbele juu ya usukani, miguu inaning'inia. Nami Aidarus naparamia mgongo wa Gharib, nasimama mabegani mwake, nafungua mikono. Baiskeli moja, watu wanne, na macho yote kwangu. Wafanyeje, na mimi ndiye niliye juu?

Nana sijamwambia.

Jumanne, 8 Novemba

Mvua. Uwanja wa Tononoka umekuwa bwawa. Nimeziba pancha dukani kwa Gharib kutwa nzima.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimemwambia. Nana ni mama yake mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga vifungo vya shati. Alikuwa ukumbini akipepeta mchele.

"Nana, naenda Aden."

"Wenda Aden!" Uso ukamng'aa. "Basi utamwona Mwanaesha." Bi Mwanaesha ni dadake, aliolewa na mfanyabiashara wa kule angali mwari, hajarudi Mombasa tangu hapo. "Wenda kufanya nini?"

"Kucheza baiskeli."

"Watu wa Aden wapenda baiskeli?"

Ningeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. "Si watu wa Aden, Nana. Tunawachezea wanajeshi wa Kiingereza."

Ungo ukasimama. Kila usiku Nana husikiliza redio, anajua mabomu yanavyolipuka kule na jinsi watu wanavyofungiwa majumbani. Akauliza, "Hawa hawa wanaosimama na bunduki mlangoni kwa dada yangu?"

"Mimi siendi na bunduki. Naenda na baiskeli."

"Nimesikia," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Radhi sikuiomba leo. Na bila radhi sipandi chombo, hiyo najua. Kwetu hata Gharib, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, atakwenda kupiga magoti mbele ya mamake kabla hajagusa ngazi ya meli. Asiyepewa radhi na aliyemlea hasafiri, na akisafiri watu hawasemi ni shujaa, wanasema ni mwendawazimu.

Jumatano, 16 Novemba

Jua! Tumefanya mnara jioni nzima. Gharib ana sheria moja anayoishikilia kuliko zote: mnara hwenda kwa pumzi moja. Aliye chini ndiye anayepumua, sisi wa juu twamfuata. Mmoja akipumua yake peke yake, usukani hutetemeka papo hapo. Kwa hivyo Kadenge hunguruma kidogo kila akivuta pumzi ili tumsikie: hmm. Hmm. Nikiwa kule juu, watu wakipiga kelele wanavyotaka, mimi nasikia hmm ya Kadenge.

Kadenge ni hamali pale Marikiti, Mgiriama wa Kaloleni, mabega mapana hata shati halimkai. Si Mwislamu, na kanisani nako hajaonekana. Kuongea kwake kwa shida. Leo nimemtania, "Wewe Kadenge, kule Aden watakuona miguu tu. Uso wako nani atautazama na mimi niko juu?"

"Miguu yatosha," akasema.

Basi. Kumtania huyu ni kutania ukuta.

Ijumaa, 25 Novemba

Mvua tena. Nana haongei habari za Aden. Mimi pia naogopa kuzianzisha.

Ijumaa, 2 Desemba

Jirani yetu Mahfudha ana mkwewe baharia, ameshuka jana akitokea Aden. Leo baada ya sala amekuja kumwamkia Nana. Masalkheri nyingi, kahawa, habari za huko, salama. Nana akamuuliza dadake.

"Bi Mwanaesha mzima, alhamdulillahi," akasema yule baharia, akatazama kikombe. "Ila mlango."

Akaeleza. Wanajeshi walikuwa wakimsaka kijana aliyetupa bomu, wakapita mtaani nyumba kwa nyumba. Kwa Bi Mwanaesha walibisha. Yeye ni mtu mzima, magoti hayamsaidii, akawa anashuka ngazi polepole kuja kufungua. Hawakungoja. Waliuvunja mlango kwa vyuma, na walipoingia walimkuta amesimama ndani na ufunguo mkononi. Kijana hakuwemo. Wakatoka.

Ule mlango si mlango tu. Baba yao alikuwa fundi seremala hapa Mji wa Kale, na Bi Mwanaesha alipoolewa aliuchonga mwenyewe, akaupakia melini pamoja na bibi arusi. Nana huweza kukuonyesha hewani kwa kidole kila ua lilipokaa. Usiku mwanamke mgeni mahali pageni, baba yao alikuwa akiwaambia watu, atapapasa ua la baba ajue yuko kwao.

Baharia alipoondoka Nana alikwenda kuswali, akakaa juu ya msala muda mrefu.

Jumamosi, 3 Desemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nimempelekea chai, nikapiga magoti, nikaona heri nimalize mambo.

"Nana, nipe radhi niende."

Alinitazama kwa huruma, na hilo likaniudhi zaidi ya kama angenigombeza. "Mimi sikukatazi," akasema. "Na mimi sikupi. Mlango waliovunja si wangu, ni wa Mwanaesha. Ukifika Aden, kabla hujapanda hiyo baiskeli yako, nenda kwake. Mbusu mkono, umwambie unakwenda kuwafurahisha kina nani. Akisema cheza, cheza, na mimi niko radhi. Akisema usicheze, rudi nyumbani. Radhi iko Aden."

Nilijibu ndiyo, nikanyanyuka. Nikienda dukani nilikuwa karibu kupiga mbinja. Kazi ni hiyo tu? Nitashuka melini, nitauliza nyumba, nitambusu bibi mkono, nitamlilia kidogo. Bibi gani atamkatalia mjukuu aliyevuka bahari?

Jumapili, 11 Desemba

Vunja jungu, karamu ya kuagia kula mchana kabla ya Ramadhani. Tumekula mpaka tumehema. Gharib alipika biriani nyuma ya duka, akaalika kikundi chote. Kadenge naye alikuja, amevaa kanzu ya kuazima inayomwishia magotini. Nikamwambia, "Kula bwana, sisi tunaaga, wewe wendelea mwezi mzima." Watu wakacheka. Yeye akala polepole, hakuinua kichwa.

Alhamisi, 15 Desemba

Mwezi umeandama jana, leo ni Ramadhani mosi. Kaskazi imeanza na joto lake. Gharib amepanga hivi: sisi watatu tunaofunga tusijichoshe, mnara tufanye mara moja tu kabla ya magharibi. Kadenge, kwa kuwa yeye anakula, ndiye atakayefanya kazi ya mguu: azunguke uwanja na magunia ya mchanga kwenye keria, miguu isije ikalegea.

"Haya Kadenge," nikamwambia, "zunguka wewe uliyeshiba."

Akazunguka.

Jumanne, 20 Desemba

Kadenge ana tabia moja nzuri, lazima niseme. Sisi tukikaa kivulini, yeye huchukua kifurushi chake cha chakula akaenda nyuma ya ukuta wa uwanja, asile mbele yetu. Akirudi hupangusa mdomo. Leo nimemuuliza, "Ulikula nini, mbaazi au samaki?" Akasema, "Nimemaliza." Taib akasema muache, asije akatutia njaa bure.

Jumamosi, 24 Desemba

Joto. Ulimi umegeuka gome. Mjini Wakristo wananunua mchele wa sikukuu, nami nautazama uso wa kila mtu aliyetoka kunywa maji.

Jumatano, 28 Desemba

Mkono wangu wa kushoto umefungwa kitambaa lakini wa kuandikia mzima. Nitaandika yote, nisije nikasahau.

Alasiri Kadenge alizunguka na magunia kama kawaida. Jua lilikuwa kali kupita siku zote. Nilimwona akipita karibu yetu na nikaona jambo: hakuwa na jasho. Sisi tuliokaa tunatiririka, yeye anayekanyaga pedeli mkavu. Nikamwambia Gharib, "Tazama, huyu kashiba hata jasho hamtoki." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Kabla ya magharibi tukapanda. Taib mbele, Gharib nyuma, mimi juu. Kulikuwa na watu wengi waliokuja kutazama wakingoja adhana. Nikafungua mikono. Hmm, hmm. Tukaingia kwenye kona ya pili. Nikangoja pumzi ya Kadenge, haikuja. Ikaja fupi, halafu mbili kwa pamoja. Usukani ukatetemeka. Gharib akaita, "Kadenge!" Baiskeli ikapinda polepole, na mimi nikaiona ardhi ikinijia.

Nilianguka juu ya Gharib, Taib akarushwa mbele. Sisi watatu tuliinuka tukijipapasa. Kadenge hakuinuka. Alikuwa chali, goti limechubuka mpaka nyama, macho yamegeuka. Gharib akapiga kelele waletwe maji. Mama muuza mahamri akatoa birika. Gharib akamwinua Kadenge kichwa, akamtilia maji mdomoni.

Kadenge akafumba mdomo. Maji yakamwagikia kidevuni.

"Kunywa, bwana!" Gharib akamwambia.

"Jua bado," akasema.

Nilidhani anaweweseka. Nikamwambia, "Kadenge, wewe hufungi." Akanitazama, akageuza uso upande mwingine kwa haya, mtu mzima yule, kama mtoto aliyekutwa kabatini. Taib akakimbia nyuma ya ukuta. Akarudi na kifurushi. Mahamri yote yamo, yamekauka.

"Toka lini?" Gharib akauliza.

"Toka siku ya pili."

"Kwa nini, na huku nakupa magunia uzunguke? Si ungesema?"

Kadenge akatafuta maneno. Hatujapata kumsikia akisema mengi vile. "Nyinyi mwanifuata pumzi," akasema. "Mwenye njaa apumua vingine na aliyeshiba apumua vingine. Siku ya kwanza nilikula, mnara ukatikisika, nikajua ni mimi. Tena nikaona haya. Nile nishibe, halafu nibebe watu wenye njaa? Chakula hakikushuka. Nikasema nitafunga nanyi, haidhuru. Nikienda nyuma ya ukuta nakaa tu, ningoje muda wa mtu kula."

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiuana. Sisi tukimbebesha kwa kuwa ameshiba, yeye akifunga kwa kuwa ametubeba, na hakuna aliyeuliza. Adhana ilipolia Gharib mwenyewe alimshikia kikombe. Mimi nilitoa tende mfukoni mwangu nikampa, sikuweza kumtazama. Nilimtania huyu mtu siku zote hizi. Nimeona haya leo ambayo sijawahi kuyaona, na nasema wazi.

Alhamisi, 29 Desemba

Kadenge amekandwa goti. Halikuvunjika, ni uvimbe. Gharib amefuta mazoezi mpaka Idi. Nimempelekea futari chumbani kwake Majengo: uji, tambi, mbaazi za nazi. Nikakuta amengoja magharibi vilevile. "Sasa unafungia nini na mnara hakuna?" nikamuuliza.

"Nimeanza, nimalize," akasema.

Tukala sahani moja.

Alhamisi, 5 Januari 1967

Siku mbaya. Levi alikuja dukani kutusomea utaratibu wa safari. Meli itatia nanga, gari la jeshi litatuchukua gatini moja kwa moja mpaka kambini. Tutalala kambini, tutakula kambini, tutachezea kambini, na gari hilo hilo litaturudisha melini.

"Na mjini?" nikauliza.

"Mjini hatukanyagi. Hata wao wenyewe hawaendi bila bunduki."

"Levi, nina bibi yangu kule. Lazima nimwone kabla sijacheza. Saa moja tu."

Levi si mtu mbaya. Alikwenda kumuuliza Mzungu wake akarudi jioni, kichwa chini. "Anasema haiwezekani, na hataki kukuahidi uongo. Samahani, ndugu yangu."

Kwa hivyo radhi iko Aden, na Aden yenyewe nitaiona juu ya lori.

Jumatatu, 9 Januari

Siku nne nimekaa na wazo moja. Niende. Nicheze. Nikirudi nimwambie Nana kwamba Bi Mwanaesha alinikumbatia, akasema cheza mwanangu. Nani atajua? Bibi wawili hawa hawatakutana tena duniani. Nana atafurahi, atakufa na furaha yake. Hakuna aliyeumia.

Nilikuwa nimekata shauri kabisa. Nikajilaza, nikauona ule ukuta wa Tononoka, na Kadenge amekaa nyuma yake peke yake na mahamri mapajani, anangoja muda wa mtu kula. Nani angejua kama angekula? Hakuna. Dini si yake, hakuna aliyemwamrisha, na hakula.

Nimekasirika nikapiga mto ngumi. Safari moja nimetamani maishani mwangu, na inanikwama kwa sababu ya hamali na mahamri.

Ijumaa, 13 Januari

Idi mubarak. Tumecheza Makadara katikati ya pembea na wauza ubuyu, watoto wamevaa nguo mpya. Nana alikuja! Tangu nianze kucheza hajapata kuja. Alisimama na Mahfudha upande wa wanawake, amejifunika buibui, nikamjua kwa namna anavyoshika kiuno.

Goti la Kadenge limepona. Tulipanda. Hmm. Hmm. Nilifungua mikono, na kwa mara ya kwanza sikuwatazama watu, nilitazama kipara cha Kadenge kule chini kikienda taratibu, na mimi juu yake sifanyi lolote ila kupumua anapopumua yeye. Tulizunguka uwanja wote. Nilijua ni mara ya mwisho kabla ya meli kuondoka na sikutaka kushuka.

Tuliposhuka nilimwambia Gharib siendi.

Jumapili, 15 Januari

Gharib amekasirika vibaya sana, na ana haki. "Umetuvunja, Aidarus," ameniambia mbele ya wateja. "Unajua walitutakia nini? Mnara! Nitawapeleka nini mimi, watu watatu na nafasi tupu?" Nikamweleza habari ya radhi, Kadenge naye akisikia. Akasema bibi yako angekupa kama ungemlilia. Nikasema hakuninyima, aliniambia pa kuichukua, na pale sifiki. Akatupa spana.

Atampandisha Taib juu. Taib hajui kufungua mikono, huikunja kama anayebeba kuni. Nimemfundisha jioni, na roho inaniuma mpaka sasa.

Nana nimemwambia siendi. Sikumwambia sababu, wala hakuuliza. Aliniongezea wali.

Jumatano, 18 Januari

Leo ndiyo siku. Asubuhi Kadenge alipita dukani na kisanduku chake cha bati begani. Nilikuwa nimeinama juu ya gurudumu, sikutaka mazungumzo.

"Nyumba ya bibi iko upande gani?" akaniuliza.

"Bibi gani?"

"Wa Aden. Dadake Nana."

"Ina maana gani, Kadenge? Hutoki kambini, umemsikia Levi."

"Nauliza tu."

Nikamwambia ninachojua, jina la marehemu mumewe, na kwamba iko nyuma ya msikiti wenye kisima. Akarudia mara mbili, midomo ikicheza. Akanipa mkono. Nikamwambia chunga goti. Akaenda zake.

Adhuhuri nikasikia honi ya meli. Nilikuwa nimeshika mpira ndani ya karai la maji natafuta tundu. Viputo vikatoka, nami sikuvishughulikia. Nililia. Hakukuwa na mtu dukani.

Ijumaa, 27 Januari

Joto. Redio inasema kuna mgomo na risasi kule. Nana hazimi redio, mimi simwambii azime.

Jumatatu, 6 Februari

Pancha, pancha, pancha.

Jumatatu, 20 Februari

Wamerudi. Sijui nianzie wapi.

Niliwapokea gatini. Gharib alinikumbatia kwanza, kisha akakumbuka kwamba amenikasirikia, akaniachia. "Muulize huyo," akasema, akimwonyesha Kadenge kwa kidevu. "Muulize alivyotaka kutuua kwa wasiwasi." Siku ya kwanza kambini, Gharib akaeleza, uwanja umejaa wanajeshi wameketi chini wanangoja, Kadenge akashika tumbo. Tumbo, tumbo. Akaletwa daktari, hakuona kitu. Siku ya pili, tumbo. Mzungu amekuwa mwekundu, Gharib anamsihi na kumtukana kwa zamu. Siku ya tatu asubuhi Kadenge akaamka, akasema limepona. Akapanda baiskeli.

"Ulikuwa na nini?" nikamuuliza Kadenge.

"Twende kwa Nana," akasema.

Tulipofika alipiga hodi, akavua viatu, akakaa sakafuni ingawa Nana alimwonyesha kiti.

"Nana," akasema, "kule kambini kulikuwa na mpishi aliyewahi kukaa hapa Kibokoni. Kiswahili ajua. Yeye hulala kwake mjini. Nikampa ujumbe aupeleke kwa dada yako. Nikamwambia sipandi mpaka aniletee jibu. Jibu likakawia, mtaa ulikuwa umefungwa."

Nana akaweka mkono kifuani. "Ulimwambia nini dada yangu?"

"Nimeuliza kama niwachezee wale au nisicheze."

"Wewe?" nikasema. "Kwani ulikuwa na sharti wewe?"

Yeye alikuwa anamtazama Nana. "Akauliza kwanza, huyo ni mtoto wangu kwa upande wa nani? Mpishi akamwambia si mtoto wa mtu wenu yeyote, ni Mgiriama, ndiye wa chini wa baiskeli. Mpishi yuwasema alicheka sana. Halafu akasema, mwambie acheze. Acheze, tena achelewe kumaliza. Saa wanayomtazama yeye, hakuna anayegonga kwangu."

Miezi mitatu nimeipima safari hii huku na huku, ikiwa ni haramu, ikiwa ni halali, na hilo halikunipitia akilini.

Nana kwa sauti ndogo akauliza, "Na mlango?"

"Ameweka wa bati. Ule wa baba ulibaki vipande tu. Akasema nikwambie amevifanya kuni akapikia pilau ya Idi, mtaa mzima ukala. Akasema pilau ilitoka nzuri, mti wa baba una moto wa taratibu. Laiti ungekuwako."

Nana akacheka! Alicheka mpaka akajishika mbavu, "Mwanaesha, Mwanaesha huyu, tangu utoto," na machozi yakimtoka, akayafuta kwa leso, akacheka tena, kisha yakawa machozi matupu. Tukakaa naye mpaka alipotulia.

"Njoo hapa," akamwambia Kadenge.

Kadenge akasogea kwa magoti. Nana akamwekea mkono juu ya kile kipara, akamsomea, akamwombea njia njema na kurejea salama, maneno yote ya mtu anayesafiri.

"Nana," nikamwambia, "safari imekwisha. Ameshafika."

"Alikwenda bila yangu," akasema. "Nampa yake."

Niliwatazama. Nilimwonea Kadenge wivu, na nilimpenda, na sikujua lipi kubwa. Nikapiga magoti karibu yake pale sakafuni.

"Na wewe wenda wapi?" Nana akaniuliza.

"Siendi popote, Nana."

Akaniwekea mkono wa pili.